Katikati ya Kioo

Nilikigusa kile kioo mara moja tu, katikati, nikaridhika. Kiliwaka, mwanga wake ukanimulika usoni, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba kazi imekwisha. Kila nikikumbuka siku ile, kidole hiki nakiona kama cha mtu mwingine.

Majengo wananiita Kagwiria wa Simu. Kibanda changu kimebanwa na bucha mbili nyuma ya msikiti, na ni simu chache za Meru mjini zilizoanguka chooni ambazo sijazipasua tumbo. Basi daktari alipotuambia kwamba mama yangu, Angeline, lazima aondolewe zoloto na sauti yake yote iende nayo, mimi sikulia. Nilifanya jambo ninalolijua. Nilimwambia arekodi.

Alirekodi kwa wiki tatu jikoni kwetu Kibirichia, kwa simu yake, baba akiwa ndiye mshika simu. Mama alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa tangu mimi sijazaliwa, lakini hakurekodi nyimbo peke yake. Alirekodi anavyoita kuku. Alirekodi anavyomgombeza baba kwa kuingia ndani na buti zenye matope ya shamba la viazi. Alirekodi majina ya ndugu zake waliokufa, polepole, akisimama kila baada ya jina. Zikafika rekodi thelathini na moja, na ile ya mwisho akaipa jina: "Kagwiria, baadaye."

Nilimuuliza hiyo baadaye ni lini.

"Una haraka ya nini wewe?" akanicheka. "Iko hapo. Itakungoja."

Sikumsikia akicheka tena.

Alitoka hospitalini na tundu shingoni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Alichotaka kusema akawa anakiandika kwenye simu, na akimtaka mtu, anagonga kikombe cha bati kwa kijiko. Simu yenyewe ilikuwa imejaa, inakwama kila anapoandika, kwa hiyo nilizihamisha zile rekodi, nikaisafisha kabisa, nikamrudishia ikiwa nyepesi. Rekodi nikaziweka kwenye kadi isiyozidi ukucha, ndani ya kitu nilichokiunda kwa mikono yangu: kompyuta ya Linux ya ukubwa wa kiganja, spika mbili na kioo cha kugusa, vyote ndani ya kisanduku cha mbao ya mti wa mukima. Kazi yake ilikuwa moja, kuipiga sauti ya mama katika nyumba ya mama.

Kioo nilichagua cha kugandamiza, kile cha aina ya zamani, kwa sababu simu za siku hizi hazivitambui vidole vya baba. Yeye, Mzee Kiunga, ameng'oa viazi tangu ujana wake, na ngozi ya vidole vyake imekuwa gome. Nilijiona binti wa kupigiwa mfano kwa kulifikiria hilo.

Kosa langu lilikuwa hili. Waya wa umeme ulitokea upande wa juu, nami nilitaka upite chini, nyuma ya meza, usionekane. Nikakigeuza kioo juu chini. Picha nikaipindua kwa mstari mmoja wa maagizo, ikasimama wima. Lakini katika mashine hizi picha ni kitu kimoja na mguso ni kingine, na mguso una mstari wake. Huo sikuuandika. Kioo cha namna hiyo ukikigusa kona ya juu kushoto, mashine huhisi umegusa chini kulia. Pasipobadilika ni katikati peke yake, na mimi niligusa hapo.

Mengine yote niliyajaribu kwa simu, kwa kupitia mtandao, na huo mtandao ndio ulionilevya. Kwa siku mbili redio ya Wi-Fi iligoma kuwaka, hadi nilipotambua kwamba haifungui mawimbi mpaka iambiwe iko nchi gani. Nikaiandikia Kenya, ikafunguka. Nikampelekea baba modemu ndogo, nikamwonyesha aiweke kwenye dirisha linalotazama upande wa Kiirua, ambako mnara uko. Toka hapo niliweza kukaa Majengo nikawasha wimbo Kibirichia, nikapunguza sauti, nikaona kinachopigwa. Rekodi za mama nilipanga kuzinakili kwenye kompyuta yangu kwa mtandao huohuo, Jumamosi, nikipata nafasi.

Acha niseme ukweli. Nilitaka mtandao ufike kwa mama ili mimi nisilazimike kufika. Mara ya mwisho nilipokuwa kule alisahau, akafungua mdomo kuniita, kisha akaufunga. Nilijifanya natafuta chaja.

Jumatano asubuhi baba alinipigia.

"Kagwiria, hii kitu yako imenyamaza."

"Imezima?"

"Haijazima. Inaniangalia tu. Majina yote yameisha."

"Ni list imejificha, Baba. Usiiguse tena. Nitaifix kutoka hapa."

"Na mama yako amegonga kikombe asubuhi yote. Nimempa uji, anakataa."

"Labda ni moto sana," nikasema. Nilikuwa na mteja mbele yangu.

Nilifungua ukurasa wa mashine, nikakuta orodha tupu. Nikadhani imesahau tu kilichomo ndani yake, jambo ambalo hutokea. Ili nyumba isikae kimya wakati natafuta shida, niliitumia mashine nyimbo za kwaya mbalimbali kutoka kompyuta yangu, mamia kwa mamia, hadi kadi ikakaribia kujaa. Zilishuka bila shida. Mtandao ambao hukatika kila wingu likipita siku hiyo haukukatika hata kidogo, na laiti ungekatika.

Maana kitu kilichofutwa kwenye kadi hakiondoki papo hapo. Hubaki palepale, kama viazi vilivyosahaulika ardhini baada ya mavuno, na mwenye subira huweza kurudi akavifukua. Kinachokiua ni kuandika kitu kingine juu yake. Hilo nalijua vizuri. Wateja wangu nawaonya kila siku.

Nilipanda Kibirichia kesho yake. Ilikuwa Julai, ukungu umekaa juu ya mashamba na baridi inauma masikio. Jikoni mama aliketi karibu na jiko, kikombe mapajani. Niliweka mkoba chini, nikamsalimu haraka, nikageukia kisanduku.

"Nionyeshe ulivyofanya, Baba."

Akakifuta kidole kwenye suruali kwanza. Kisha akakiweka pale nilipomfundisha, juu kushoto, kwenye neno Cheza. Chini kulia, neno Futa likang'aa. Mashine ikauliza, kwa Kiswahili nilichokitafsiri mwenyewe ili wazee wangu wasisumbuke na Kiingereza: Una hakika? Baba akabonyeza Hapana. Upande wa pili Ndiyo ikang'aa, na wimbo mmoja wa kwaya ukatoweka kwenye orodha.

"Umeona?" akasema. "Nikiguza, inaniuliza. Na mimi naikataza. Kila mara imeniuliza nimeiambia hapana."

"Mara ngapi?"

"Hiyo sikuhesabu. Nilifikiri ile ya juu imekwama, najaribu ingine. Mpaka majina yakaisha."

Niliketi kwenye gunia la viazi vya mbegu. Mama akanipa simu yake. Alikuwa ameandika tayari, huenda tangu jana, ananingoja nije niulize.

"Niliona majina yakipungua. Nikagonga. Akaniletea uji."

Baba hasomi herufi ndogo za simu bila miwani, na miwani ilikuwa chumbani. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kadi imeharibika, kadi huharibika, angeamini. Nilimtazama mama, naye akatikisa kichwa polepole, nami sikujua ananiambia niseme au nisiseme.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Kioo nilikigeuza nikasahau kugeuza mguso. Ulipokataa, yenyewe ilisikia umekubali."

Alisimama akikiangalia kile kidole.

"Mara zote?"

"Mara zote. Lakini kosa ni langu. Hata zile nyimbo nilizotuma jana, ndizo zimezifunika kabisa."

"Sawa," akasema. "Lakini kidole ni changu."

Akatoka nje bila koti. Nilimwona dirishani, amesimama katikati ya matuta, hafanyi chochote.

Nilichomoa kadi nikaifukua kwenye kompyuta yangu kuanzia asubuhi hiyo hadi jua lilipoinama. Kila nilipochimba nilikuta kwaya. Sauti nzuri, za watu wazima wenye afya, zilizopangwa vizuri juu ya mama yangu. Nikaanza kuwachukia waimbaji ambao hawajanikosea lolote. Kuku hawakupatikana. Wala majina ya wajomba, wala ugomvi wa buti. Kilichopatikana ni kipande kimoja cha sekunde tisa, mwanzo wa rekodi ya mwisho.

Nilikiweka peke yake kwenye orodha. Kisha nikauandika ule mstari wa mguso, ambao una maneno machache hivi kwamba niliona aibu kuutazama. Nilimwita baba aje abonyeze alama za msalaba kwenye pembe nne ili kioo kikijue kidole chake. Alikataa. Mama akagonga kikombe, mara mbili, kwa nguvu, ndipo akaja. Akabonyeza zote nne, na kila pembe ikaitika palepale alipogusa.

"Sasa bonyeza Cheza."

"Haitauliza?"

"Haitauliza."

Mama akakohoa ndani ya kisanduku. "Imewaka?" akauliza, sauti yake nzima, yenye mkwaruzo kidogo. Kwa mbali baba akamjibu, "Imewaka. Sema." Kisha mama akavuta pumzi, ile pumzi ndefu ambayo kwaya nzima ilikuwa ikiingoja Jumapili. Hapo kikakatika.

Nilipiga magoti mbele yake. "Mama, ulikuwa umesema nini? Niandikie. Chochote unachokumbuka."

Alichukua simu. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mimi nilijiandaa kwa barua ndefu, nikawa tayari kuisoma maisha yangu yote. Mwishowe akanigeuzia kioo.

"Haikuwa maneno."

Akaiweka simu kando. Akanishika kidevu, akafungua mdomo, na nikaona kifua chake kinapanda na kushuka, na kitambaa shingoni kinapepea kwa hewa inayotokea pale isipopaswa kutokea. Alikuwa akiniimbia. Nilitafuta midomo yake inasema nini, nisiambulie kitu, lakini safari hii sikutafuta chaja. Nilimtazama mpaka akachoka.

Nyuma yetu baba akabonyeza tena.

"Imewaka?" mama akauliza kutoka kwenye kisanduku.

"Imewaka," baba akamjibu kutoka pale aliposimama, upesi, kabla sauti yake ya zamani haijamtangulia. "Sema."

Ikaja ile pumzi. Tukangoja, sote watatu.