Sinia la Mapokezi

Nawaambia wenye ofisi, na wazazi wenzangu mliohangaika kusomesha: msikubali watu wa kazi moja watenganishwe wakati wa kula. Mtu anaanza na sahani, mwisho wake anafika kwa mtoto wako. Mimi Mwajabu wa Chang'ombe, mama yake Naima, yamenikuta mwaka huu huu.

Naima wangu yuko mapokezi kwenye ofisi inayouza pampu za maji na kuzifunga, hapa Dodoma mjini. Mteja akiingia anamkuta yeye. Lameck ndiye anayewapanga mafundi na gari. Anastazia yuko stoo. Na mimi kibanda changu cha chakula kiko nyuma ya ukuta wao, kwa hiyo mchana nawapikia. Walitaka sinia moja tu: ugali wa uwele na mlenda, mboga yetu ya kuvutika, siku nyingine kunde. Wanatandika mkeka nyuma ya kaunta, wananawa, wanakula huku mmoja anachungulia mlango.

Ukiwatazama ungesema wanakula tu. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo. Naima anamega tonge anasema, "Yule mzee wa Mkonze amerudi, pampu yake inatoa tope." Lameck anajibu, "Fundi atapita kwake alasiri." Anastazia naye, "Basi apite kwangu kwanza, achukue chujio." Wakimaliza kunawa, habari za wateja wote wanazo wote. Umuulize Lameck, umuulize Naima, jibu ni lile lile. Wateja walikuwa wanalipenda hilo. Mtu haambiwi njoo kesho, halafu kesho aambiwe nani alikuita.

Akaja meneja mpya, Leonard. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi letu hili. Akaukuta mkeka.

"Hii ofisi au msibani?" akauliza. "Kuanzia leo kila mtu ale mezani kwake, kwa zamu, na bakuli lake."

Nikamwambia, "Baba, mlenda hauliwi mbele ya kompyuta."

"Basi pika wali, mama."

Sikupika wali. Nikawapa mlenda kwenye vibakuli kama alivyotaka, na siku ya pili tu herufi za kompyuta ya Anastazia zikanatana. Lameck akacheka mpaka akakohoa: "Dada, sasa hata ukiandika pampu inavutika, paaampu!" Tulicheka wote. Lakini jioni Naima hakucheka.

"Mama, hatuongei tena," akaniambia. "Mimi nikila, Lameck yuko nje na mafundi. Lameck akila, mimi nina wateja. Meneja anasema tutumiane ujumbe kwenye simu. Nani atasoma ujumbe akiwa chini ya gari?"

Mapokezi ndiyo sura ya ofisi, na sura ndiyo inayopigwa kofi. Nilijua likiharibika lolote, atatafutwa mwanangu. Kazi yenyewe aliipata baada ya kuzunguka na bahasha mpaka soli zikaisha.

Likaharibika. Mama mmoja anaitwa Germana ana hosteli ya wasichana kule Mvumi, na pampu yake iliungua. Alipopiga simu, gari lilikuwa safarini, basi Naima akamwambia, "Mama, njoo mwenyewe Jumanne uchukue mpya." Ilikuwa sawa. Mchana Lameck akapata gari la kuipeleka Mvumi Jumanne hiyo hiyo. Siku za mkeka angelisema hapo hapo, tonge mkononi. Siku hiyo alikula peke yake, akamtumia Naima ujumbe, akaondoka. Naima alikuwa na foleni mpaka mlangoni, hakuuona. Jumanne mama Germana akafunga nyumba ya pampu, akaja mjini. Fundi naye akafika Mvumi na pampu mpya, akakuta kufuli. Akageuza.

Nilisikia kelele nikiwa jikoni.

"Leo sisalimii mtu, wala mbukwa wala shikamoo!" Ni mama Germana huyo, anapiga kaunta kwa mkoba. "Wasichana wangu wanaoga kwa kikombe! Mmeniita huku, mmepeleka pampu kule, na ufunguo ninao mimi humu! Mnanichezea?"

Leonard akatoka ofisini kwake. Hakuuliza. Akamnyooshea kidole Naima mbele ya wateja wote: "Huyu ndiye aliyekuita. Naima, kusanya vitu vyako, uende."

Jamani. Ugali ulikuwa umeiva, vibakuli nimevipanga. Nikavirudisha vibakuli kwenye beseni, nikalishusha sinia langu ukutani. Nikapakua ugali wote, mlenda katikati, nikaingia kwa mlango wa mbele, wanakoingilia wateja. Nikaliweka juu ya kaunta.

"Mama, chakula kinapita nyuma," akasema Leonard.

"Leo kimepita mbele."

"Nimeshamfukuza mwanao, usinilazimishe na wewe nikufukuze."

"Mimi hukuniajiri, baba. Utanifukuzaje?"

Watu wakaguna. Naima ananiangalia, machozi yanamlenga, mkoba ameshauvaa begani. Hapo Lameck akaja kutoka nje, mikono ina grisi. Akanawa kwenye ndoo yangu. Akasimama upande wa kulia wa Naima.

"Gari nilituma mimi," akasema. "Kama anaondoka, tunaondoka."

"Na pampu niliitoa mimi stoo," akasema Anastazia. Yeye huwa ni mwoga kuliko mimi, lakini alikuwa ameshamega tonge. "Naima, vua mkoba. Nawa."

"Mnagoma?" Leonard akauliza.

"Tunakula, bosi," Lameck akamjibu. "Karibu."

Naima akavua mkoba. Akanawa. Akamgeukia mama Germana kwa adabu zake zote: "Shikamoo mama. Fundi yuko wapi sasa, Lameck?"

"Anarudi, bado yuko njia ya Mvumi."

"Mpigie asubiri hapo hapo. Anasta, pampu bado iko garini?"

"Iko garini, na mpira wake."

"Mama, Lameck atakupeleka kwa pikipiki mpaka kwenye gari. Utaenda na fundi, utafungua mwenyewe. Jioni wasichana wanaoga."

Mama Germana akawatazama wote watatu, kisha akamtazama Leonard. "Kumbe wanajua kazi," akasema. "Sasa wewe ulikuwa unamfukuza nani?" Akanawa na yeye, akamega, akaonja mlenda. "Huu umepikwa. Twende, kijana."

Leonard akarudi ndani, akafunga mlango. Hajamwomba Naima radhi mpaka leo, na mimi sijaingoja. Lakini kesho yake Naima alikaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemwambia ainuke. Mkeka ukatandikwa.

Bado naogopa. Najua mlango ule utafunguka siku moja na kidole kitanyooshwa tena. Ndiyo maana nawaonya nyie wazazi: mtoto akipata kazi ya ofisini, msiulize tu meneja ni nani. Ulizeni anakula na nani. Na nyie mameneja, sinia langu sasa linapita mlango wa mbele kila siku. Anayetaka kulirudisha nyuma, anikute pale na ugali wa moto mikononi.