Glavu ya Mkono wa Chuma

Fundi cherehani hakuwa na haya ya kuuliza, na asubuhi hiyo alimuuliza binti wa dada yake maswali mpaka karibu amtoe jasho. Mkono wa roboti ulikuwa juu ya meza ya karakana, umevaa glavu aliyoishona yeye mwenyewe kwa siku mbili. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga; vyanda hivi vya chuma vilivikwa glavu, na wema haukuonekana, maana yai la tatu la majaribio lilikuwa limepasukia mkononi.

"Betri ya kuufanya mkono uhisi iko wapi?"

"Haina, mama mdogo. Glavu inajitengenezea umeme yenyewe."

Binti alijibu huku anachokonoa nyaya. Msimamizi alishasema: yai likipasuka tena mchana, glavu zote zitaagizwa kiwandani, na kazi aliyomwombea mama yake mdogo iende na maji.

"Unatoka wapi sasa huo umeme?"

"Kwenye kitambaa. Ndani kuna tabaka mbili, hariri na plastiki. Vidole vikishika kitu, zinagusana, vikiachia, zinaachana. Basi hapo ndipo umeme unapozaliwa, na kwa huo mkono unajua umeshika kitu. Ni kama unapovua sweta la nailoni, nywele zinasimama."

Fundi akabonyeza kidole cha glavu. Akabonyeza tena, taratibu, halafu akacheka kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Alikuwa amezipigia tabaka zile mistari ya cherehani kutoka ncha za vidole hadi kiganjani, zisicheze hata kidogo.

"Zitaachanaje, na mimi nimezifunga pingu? Ulijua?"

"Tangu yai la kwanza."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambiaje, mama mdogo? Sijawahi kuona mshono mzuri kama huo."

Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa sifa yenyewe ilikuwa ya kweli. "Heshima ya namna hiyo itatufukuzisha kazi sote wawili," akasema, akachukua wembe.

Kufumua kulikuwa rahisi. Kushona vibaya ndiko kulikomshinda: vidole vilitaka kuukaza uzi, naye akavizuia. Mwishowe akapiga bandi tu pembeni, mishono mirefu iliyolegea, ile ambayo fundi huifumua kazi ikiisha. Tabaka zikapwaya.

Mchana msimamizi akaja. Kidole kikaligusa yai, mstari wa umeme ukaruka kwenye kioo cha kompyuta, mkono ukasita, kisha ukalinyanyua na kuliweka bakulini, zima. Fundi alitamani kuuliza kama mkono ule unajua yai ni nini.

Msimamizi akaivua glavu, akaigeuza, akakunja uso. "Inafanya kazi. Lakini mshono huu! Nani kashona hovyo hivi?"

Binti akafungua kinywa kumtetea. Fundi akamtangulia.

"Mimi," akasema. "Na zilizobaki nitazishona hovyo hivi hivi."