Jina Lililobaki Jandoni

Sharifa hakulipwa chochote kwa kufundisha watoto pale Mahurunga, na alipenda watu walijue hilo. Alilisema kisimani, alilisema msibani, na kila barua aliyomwandikia mama yake Mikindani ilianza nalo. Kazi yenyewe aliianza mwaka 1971, baada ya mumewe Shabani, karani wa ushirika, kumwombea ghala la korosho lililokaa tupu mpaka msimu. Wanafunzi walikuwa watoto wadogo thelathini na wawili, wengi wao wa familia za Kimakonde zilizovuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Walikaa juu ya magunia na kuandika kwa mkaa kwenye vibao.

Ujira wake ulikuwa neno moja tu: Mwalimu. Wanaume wa umri wa baba yake walishuka kwenye baiskeli wakamwamkia kwa neno hilo, naye akatembea siku nzima kifua mbele. Wifi yake alipomwita "Sharifa" mbele ya wanafunzi, alinuna siku tatu. Tusimcheke sana. Kuheshimiwa kunalevya, na yeye alikuwa ndiyo kwanza anaonja.

Mwezi wa nane mwanafunzi wake mmoja, mtoto wa Mzee Domingo, akarudi kutoka jandoni. Alikuwa na miaka tisa, kichwa kimenyolewa, shati jipya. Asubuhi ya kwanza aliwahi kabla ya wenzake, akamsogelea Sharifa na kusema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi sasa naitwa Adelino. Lile la zamani tumeliacha kule."

Sharifa alijua. Hilo ndilo linalomchoma hadi leo, kwamba alijua. Hata mtu wa Mikindani anaelewa kuwa mtoto wa Kimakonde akitoka jandoni jina lake la utotoni halitajwi tena, na kumwita kwa jina hilo ni kumtukana. Lakini siku ile mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kutoka Mtwara kuona kama darasa lile linafaa kufanywa shule, na daftari la mahudhurio Sharifa alikuwa amelinakili kwa wino siku mbili nzima, safi bila doa. Akikata jina moja, litachafuka.

"Tutalibadilisha kesho," alimwambia. "Leo wewe itika tu."

Mtoto akaenda kukaa.

Mkaguzi alikuja, akapewa kiti. Sharifa akaita majina, na kila mtoto akaitika "Nipo, Mwalimu!" mpaka alipofika kwa Nanjota, lile jina lililoachwa jandoni. Kimya. Akaita tena. Watoto wakainamisha vichwa, na Joana, binti mdogo kuliko wote, akaziba masikio. Mwenye jina alikuwa pale pale mstari wa mbele, anamtazama usoni. Mkaguzi akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Sharifa akaona anaaibishwa, tena yeye anayejitolea! Akaita mara ya tatu kwa kelele, kisha akamshika mtoto mkono na kumtoa nje.

"Huyu ana kiburi," akamwambia mkaguzi.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akalisifu daftari.

Kesho yake hakuja hata mtoto mmoja. Sharifa alingoja mpaka saa nne, yeye na magunia. Kwanza alikasirika, akapanga maneno makali juu ya watu wasio na shukrani. Halafu akakumbuka yale macho ya mstari wa mbele. Hayakuwa na kiburi hata kidogo. Yalikuwa yanamngoja aseme jina la haki. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawa moto. Alijionea kinyaa. Mtu mzima, tena anayejiita mwalimu, amemvunjia mtoto heshima yake ili ukurasa upendeze.

Akaenda kwa Mzee Domingo. Njiani alitunga maneno ya kuomba radhi, yakawa mazuri mno hadi akayaonea haya, akayaacha. Alimkuta mzee uani anamenya muhogo. Mzee alimkaribisha, akampa kigoda, akamuulizia hali ya mumewe. Afadhali angemtukana.

"Baba, nimekuja kuomba radhi," alisema Sharifa.

"Mimi hujanikosea, mwanangu," Mzee Domingo alijibu. "Mwenyewe yuko nyuma ya nyumba. Ni mtu mzima sasa. Nenda kamwombe yeye."

Basi Sharifa, mke wa karani, alizunguka nyumba na kuchutama mbele ya mtoto wa miaka tisa.

"Adelino," alisema, "jana nimekukosea mbele za watu. Naomba unisamehe."

Mtoto akainama, akasawazisha mchanga kwa kiganja mpaka ukawa laini.

"Nimekusamehe," alisema. "Jana nilikuja mapema ili unifundishe kuliandika. Najua kuandika lile lingine tu."

Sharifa akakishika kidole cha mtoto, wakaanza herufi ya kwanza. Ikabidi waifute na kuirudia, maana mkono uliokuwa unatetemeka ulikuwa wa mwalimu.