Posa ya Volatiana na Seva ya Haingo

Nimefanya kazi na mafundi wengi, lakini sijaona wa kumfikia binti mmoja, Haingo. Nasema hivi kwa sababu siku ya posa ya Volatiana, hapa mjini Antsirabe, mimi ndiye niliyeshika kamera.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la baiskeli. Kimoja kina seva, mashine inayopokea picha za kamera, ikazirusha kwa kila anayetazama popote alipo, kisha ikazihifadhi kwa atakayetaka kuziona baadaye. Haingo aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kompyuta nne zilizokufa. Kila Jumapili tunarusha misa mubashara, ya hapa na ya mji wa Ambositra, ambako tuna ofisi ndogo na kamera ya pili.

Siku hiyo tulikodiwa kuwarushia posa ndugu walioko ng'ambo, Réunion na Marseille. Wageni wa upande wa bwana walishafika na kukaa. Upande wa bibi, msemaji alikuwa mjomba mtu, mzee Randriamparany, aliyekuwa njiani kutoka Ambositra. Bila msemaji binti haombwi wala hatolewi. Saa tatu asubuhi akapiga simu: mvua za siku tatu zimeujaza mto, maji yamefunika daraja, magari yote yamerudishwa.

Mama yake Volatiana akashika kichwa. "Sasa nani atamjibu Rabenasolo?"

Rabenasolo ndiye aliyekuwa msemaji wa bwana. Mji mzima ulimwogopa kwa ulimi wake. Mtu mmoja akasema mjomba aongee kwa simu, iwekwe sauti kubwa.

"Mimi nisemezane na kisanduku?" Rabenasolo akacheka. "Ninayejibizana naye nataka nimwone. Nione kofia, nione kama mkono unatetemeka."

Wakajaribu kumpigia kwa picha kwenye simu. Mtandao wa mvua ni wa kubahatisha. Mjomba akaganda mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Vijana wakaangua kicheko, na mama akazidi kuumia.

Haingo akamwendea. "Mama, mwambie mjomba aende ofisini kwetu Ambositra. Nitamleta hapa kwa seva yangu."

Baada ya nusu saa mjomba alikuwa kwenye skrini kubwa ya sebuleni, amesimama wima, shuka la heshima, lamba, begani, kofia ya majani kichwani. Picha ilikuwa safi ajabu. Rabenasolo akaomba radhi kwa wazee, kama ilivyo ada, kisha akatupa swali lake la kwanza. Nyumba nzima ikageuka kumtazama mjomba. Mjomba akaitikia kwa kichwa polepole, kama bado anasikiliza zile radhi. Akaitikia tena.

"Jamani, mmempa dawa ya usingizi?" Rabenasolo akauliza. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kicheko kilipokwisha ndipo jibu la mjomba likaingia, tena zuri, lakini limeshapoa.

Nikamfuata Haingo kwenye kona alikokaa na kompyuta yake. "Kuna nini?"

"Anachelewa sekunde kumi na nane," akasema bila kuinua macho. "Seva inakusanya kwanza akiba ya vipande vya picha ndipo irushe, ili mtandao ukiyumba anayetazama asikatikiwe. Kwa misa haina neno, padri habishani na mtu. Huyu anabishana."

"Basi ondoa hiyo akiba."

"Nikiiondoa, watu mia nne wa ng'ambo watakatikiwa kila dakika. Omba wapewe kahawa. Nipe robo saa."

Kahawa ikapita, na mikate ya mchele. Nilimtazama akiandika amri, anafuta, anaandika tena, jasho likimtoka na hali kulikuwa na baridi. Akatenganisha njia mbili ndani ya seva ile ile. Moja ya haraka, isiyo na akiba, kati ya mjomba na sebule. Nyingine ya polepole, yenye akiba yote, kwa ndugu wa ng'ambo. Akapunguza ukubwa wa picha ya mjomba ili mtandao ukibana picha ndiyo iumie, sauti ipone.

"Ikikatika hapa," akaninong'oneza, "hakuna kitu cha kutuokoa." Kisha akainua kidole kuashiria yuko tayari.

Rabenasolo akasimama, akafuta midomo. "Haya, tumwamshe mzee. Ndugu yangu, sisi tumekuja kwa miguu yetu. Wewe mwenzetu mbona umetuma kivuli?"

"Umesimama umbali gani na skrini, Rabenasolo?" Mjomba alijibu hata kabla mwenzake hajafunga mdomo. "Mimi mto mzima umenizuia na bado nimekufikia. Wewe uliyefika kwa miguu, neno lako bado liko njiani."

Nyumba ikalipuka. Mama yake Volatiana akapiga makofi, machozi yakimtoka. Kuanzia hapo ikawa nipe nikupe kwa karibu saa nzima. Mara mbili picha ya mjomba ilivunjika ikawa vigae vigae, lakini sauti haikupotea hata silabi. Ndugu wa Réunion walicheka kwa kuchelewa. Salamu zao za kushangilia zilikuwa zikiingia wakati sisi tumeshahamia utani mwingine, na hilo nalo likawachekesha watu. Mwishowe Rabenasolo akavua kofia mbele ya skrini, akasema, "Tumepata shemeji." Volatiana akatolewa.

Kesho yake asubuhi mtu wa kwanza kupanda ngazi zetu alikuwa Rabenasolo. Alitaka kuangalia tena yale majibizano. Haingo akamfungulia, kwa maana seva ilikuwa imehifadhi yote. Alitazama mara tatu, kalamu mkononi. Siku hizi wanaojifunza usemaji huyatazama wakati wowote wapendao, hata walioko vijiji vya mbali.

Daraja lilipofunguliwa, mjomba naye akaja. Akalizunguka lile boksi linalovuma, akaligusa kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, mimi nilipita humu?"

"Ulipita humu, mjomba," Haingo akasema.

Akakaa akajitazama. Katikati akainua mkono. "Simamisha. Hapo nilichelewa kujibu."

"Hapana mjomba, huo ni mtandao."

"Mtandao wako hauna kosa, binti yangu," akasema. "Hapo nilichelewa mwenyewe. Rudisha nyuma kidogo."