Orodha Inafungwa Jumamosi

Seva ilizima tena Jumatano, saa saba kasorobo mchana, na Émérance hakushtuka wala hakukasirika. Alisoma kwenye kompyuta yake maneno aliyokwisha kuyazoea, kwamba muunganisho umepotea, akachukua kalamu na kuandika saa hiyo daftarini. Ilikuwa mara ya kumi na moja katika wiki tatu. Akavaa ndala, akatoka.

Zamani angepiga meza. Mji mzima wa Kasongo ulijua kwamba ukimpelekea fundi Émérance printa iliyokwama, utapewa kwanza maneno yako, halafu ndipo itengenezwe. Lakini tangu mwezi wa kumi na moja maneno yalimwisha. Alikula akipewa, alilala akichoka, alitengeneza kilichoharibika. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu, wala hawakujua kwamba moyo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mwezi huo ndipo shimo la machimbo lilipobomoka upande wa Salamabila, baada ya mvua ya siku tatu. Wachimbaji waliokuwa chini hawakutoka, na udongo uliowafunika haukuwa wa kuondolewa kwa majembe. Walikuwa wangapi? Hapo ugomvi ukaanza. Zilitoka orodha tatu za karatasi, ya Kasongo, ya Salamabila na ya Lusangi, na kila moja iliziita nyingine za uongo. Mtu mmoja aliandikwa mara tatu, kwa jina la ubatizo, kwa jina la baba yake na kwa jina la utani la shimoni. Mwingine aliandikwa amekufa, na siku hiyohiyo alikutwa sokoni Kasongo anauza mawese, mzima, na mwenye hasira.

Ndipo familia zilipokutana, zikaunda chama chao, zikamweka Papa Raphaël, mwalimu mstaafu, awe mkubwa wao. Walipata seva ya zamani na wakakubaliana mambo matatu. Orodha ni moja, ile iliyo ndani ya mashine. Jina la mtu linatangazwa na mke wake, na kama hana mke, na mama yake. Mwingine yeyote hapana. Na Jumamosi hii, saa nne asubuhi, orodha inafungwa. Saa sita padri na shehe watayasoma majina uwanjani, na kila familia itaondoa matanga yake. Jina lisilokuwamo halitasomwa.

Majina mia moja na kumi na nane yalikuwamo. La Ruphin halikuwamo. Ruphin alikuwa mume wa Émérance.

Hakusahau. Yeye ndiye aliyewaandikia wanawake wenzake, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza kwa sauti ileile: jina, mwaka wa kuzaliwa, siku uliyomwona mwisho. Walipotoka aliifungua fomu tupu, akaitazama, akaifunga. Nyumbani aliendelea kulala kitandani, upande wake, na upande wa Ruphin aliuacha ulivyo. Majirani walinong'ona, maana mjane hulala chini mpaka matanga yaondolewe. Aliyelala chini ni mama mkwe wake, Mama Victoire, huko Lusangi, juu ya mkeka, tangu mwezi wa kumi na moja, na kiuno chake cha uzee. Kila wiki mwenye pikipiki fulani alileta swali lake: mukamwana wangu ameshaandika? Na kila wiki Émérance alijibu kwamba mashine imeharibika. Haikuwa uongo.

Seva ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya Papa Raphaël, kwa sababu paneli za jua zilikuwa juu ya bati lake. Ufunguo ulikuwa kwa Mama Régina, aliyekifagia chumba hicho kila siku bila kuombwa. Mwanawe Dady alikuwa jina la arobaini. Émérance alipofika alimkuta ameshasimama mlangoni.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Régina, kama alivyosema kila mara, akatangulia kuingia peke yake. Émérance alivua ndala nje, maana ndivyo alivyowaamuru wote kwa ajili ya vumbi. "Ingia sasa, mama."

Mashine ilikuwa kimya, na kasha lake la bati lilikuwa la moto. Aliiwasha, akangoja. Kila ikizima ghafla namna hiyo, hifadhidata iliamka kama mgonjwa, ikajikagua mstari kwa mstari kutafuta kilichopotea, na siku moja isingeamka. Hilo alilijua vizuri. Alikuwa amekwisha kupima betri, zikawa nzima. Alibadilisha kebo. Alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno yake kwa kifutio cha shule, akavirudisha. Aliipima diski siku nzima na haikuwa na kasoro. Fundi mwenzake wa Kindu, Pitchou, alimwambia kwa simu: "Dada, tafuta joto." Lakini joto la kutoka wapi? Kuta zilikuwa za tofali, dirisha lilitazama kivulini, na chumba kilikuwa na ubaridi kuliko kanisa. Hata hivyo jioni ile aliiagiza mashine iandike joto lake kila dakika.

Alhamisi ilizima tena, na Émérance aliyasoma maandishi. Asubuhi yote joto lilikuwa la kawaida. Kuanzia saa tano na nusu lilipanda, likapanda tu bila kupumzika, mpaka mashine ikajizima yenyewe isiungue. Mashine haina saa ya kuchukia. Kuna kitu kilichoifikia saa tano na nusu.

Ijumaa, muda huo ulipofika, alikwenda bila kungoja izime.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mama Régina alikuwa amemaliza kufagia, na juu ya seva palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye maua mekundu pembeni, kile ambacho kila mama mwenye televisheni huiwekea televisheni yake. Hakukitandaza tu. Alikuwa amekivuta kikashuka pande zote, akakikunja vizuri chini, matundu yote ya hewa yakazibwa.

"Mama Régina, ile ni nini?"

"Ni kitambaa ya télévision yangu. Nikimaliza kufagia, naifunikaka. Vumbi iko mingi humu." Alilinyoosha ua moja kwa kidole. "Dady eko mule ndani. Sitaki vumbi imwangukie."

"Na mimi nikifika?"

"Naondoa kwanza. Mugeni akifika si unafunua? Utamuwekea kitu ya kufunikwa mbele yake?"

Basi. Wiki tatu za betri, kebo na kifutio, na dawa yake ilikuwa kukivuta kitambaa. Émérance aliunyoosha mkono. Kisha akaurudisha.

"Sawa, mama," alisema, akaondoka.

Aliketi ofisini na kuitazama saa. Alikuwa anafurahi, na furaha hiyo ilimtisha, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza alichokihisi tangu mwezi wa kumi na moja. Kama leo mashine isingeamka, orodha isingefungwa. Kama orodha isingefungwa, hakuna ambaye angesoma, na asiyeandikwa angebaki tu kuwa mtu ambaye hajarudi. Saa saba kasorobo ikazima. Aliandika saa daftarini, na mkono wake ulitulia kabisa.

Papa Raphaël alikuja mbio, miwani mkononi. "Madame Émérance, watu wameshatoka Kabambare na mapikipiki. Tutawaambia nini? Umeona kitu?"

"Bado natafuta, papa."

Huo sasa ulikuwa uongo. Alimwona mzee akivaa miwani, akiivua, akiondoka taratibu.

Pikipiki ya Lusangi ilifika saa tisa. Mama Victoire alishushwa na mwendeshaji kwa kushikwa makwapa, akasimama ameinama, asiweze kujinyoosha, mkono mmoja kiunoni. Aliingia ofisini akishika ukuta. Émérance alimvutia kiti.

"Hapana. Kiti ni ya watu wenye walimaliza matanga." Akajishusha sakafuni kidogo kidogo, juu ya saruji, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Ilichukua muda, na Émérance alisimama tu, kiti mkononi.

"Jina yake iko ndani?"

"Mashine ilizima tena, mama. Tangu—"

"Mukamwana, nakuuliza Ruphin. Sikuulize mashine."

Émérance alikigeuza kiti mikononi.

"Nilijua," alisema Mama Victoire, bila ukali. "Hata mimi, kama ingekuwa ni mimi wa kuandika, pengine ningeacha. Nisingekuwa na ile nguvu." Alisogea kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Lakini pa chini ni baridi, mama. Nimezeeka."

Émérance alikiweka kiti chini. Alitembea hadi chumba cha seva, na safari hii hakungoja nje wala hakuvua ndala. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mikononi mwa Mama Régina.

"Mama, usifunike tena. Kinamnyima hewa."

Alisema hivyo kwa haraka, kama fundi asemavyo. Halafu akauona uso wa Mama Régina.

"Hewa?" alisema Mama Régina. "Mi ndiye nilikuwa namunyima hewa?"

"Mashine, mama. Ni mashine. Si Dady." Alimshika mikono yote miwili pamoja na kitambaa. "Mi nilijua tangu asubuhi, sikukuambia. Kosa ni yangu. Unasikia? Ni yangu."

Mama Régina alilia kwa sauti, na Émérance aliendelea kumshika, macho makavu. Kisha aliiwasha mashine. Ilijikagua polepole kuliko siku zote, kwa dakika arobaini, na kwa dakika hizo arobaini Émérance aliogopa kwa kweli kwamba ameua majina ya watu mia moja na kumi na nane kwa ajili ya moja. Iliamka. Yote yalikuwamo.

Alirudi, akafungua fomu tupu. Mama Victoire alimtazama kutoka sakafuni. Jina: Ruphin. Mwaka wa kuzaliwa aliujua. Siku uliyomwona mwisho: aliandika Jumapili ile, na akakumbuka kwamba waligombana kidogo kuhusu redio. Mwenye kutangaza: mke. Alibonyeza. Mashine ikamrudishia namba, mia moja na kumi na tisa.

Kesho yake orodha ilifungwa saa nne, na saa sita watu walijaa uwanjani. Mama Victoire hakuweza kutembea mpaka huko, hivyo wawili hao walibaki ofisini, dirisha wazi, yeye chini na Émérance mezani. Kipaza sauti kilifika vizuri. Padri alisoma, shehe alisoma, wakipokezana, na baada ya kila jina kilio kilipanda sehemu moja ya uwanja kisha kikahamia nyingine. La Dady lilipita. Ilipokaribia saa saba kasorobo, mkono wa Émérance ulifungua daftari wenyewe na kushika kalamu. Alingoja. Kompyuta ilibaki inawaka, kila kitu mahali pake, hapakuwa na cha kuandika.

Jina la mwisho lilisomwa na padri, polepole, jina la ubatizo kwanza, kisha la baba yake.

Mama Victoire alifunga macho. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe kiti," alisema.

Émérance alipiga magoti, akamshika makwapani, akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimketisha, yeye mwenyewe akabaki palepale kwenye saruji, na baridi yake ikampanda mwilini, akaanza kulia.