Gari la Washenga

Katika ukoo wa Mzee Machibya hakuna posa iliyowahi kukataliwa kama washenga walipelekwa na yeye. Posa kumi na moja, za watoto wa kaka zake, za wajukuu wa shangazi, na hata ya jirani mmoja wa Kiseke aliyejipenyeza, zote zilikwenda kwa gari lake na zote zikapokewa kwa vigelegele. Watu walisema ni bahati. Mzee mwenyewe, aliyeendesha malori ya pamba miaka thelathini na minne bila kulaza hata moja mtaroni, alisema ni mwendo tu. Mshenga akifika bila kutikiswa tumbo, maneno humtoka kwa utaratibu.

Posa ya kumi na mbili ilikuwa ya Paulo, kitinda mimba wake. Jumamosi asubuhi wangevuka kwa kivuko cha Kamanga na kufika Sengerema kabla ya saa nne. Leo ilikuwa Alhamisi, na gari linanguruma.

Yaani, watu walisema linanguruma. Mzee Machibya hakusikia kitu.

Masikio yake yalikuwa yamezibaziba tangu mvua za mwaka jana, na siri hiyo aliitunza vizuri kuliko hati ya kiwanja. Kanisani aliimba kwa kufuata midomo ya jirani yake. Kwenye simu alilaumu mtandao. Lakini ndani ya gari, kando yake, leo alikuwa ameketi Winnie, binti yake mkubwa, mwalimu wa sekondari, na mwalimu humdanganyi kirahisi.

"Baba, husikii?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Matairi. Tairi jipya huimba."

"Matairi haya yana miaka miwili! Na huku si kuimba, ni mashine ya kusaga dona. Ukiongeza mwendo inaongeza, ukipunguza inapungua."

Mzee alitazama barabara kama mtu mwenye shughuli nyingi. Winnie akashusha sauti, kisha akakumbuka akaipandisha tena.

"Baba yangu, asiyesikia gari lake likilia, atasikiaje lori likimpigia honi mgongoni? Jumamosi natafuta dereva. Wewe utakaa nyuma na washenga."

Kukaa nyuma! Mzee Machibya aliona kama amevuliwa kofia hadharani. Aliwasha taa ya kona, akakata kulia kwa upole wake wa kawaida kuelekea Buzuruga, na hapo kwenye kona akahisi kitu. Usukani ulitetemeka viganjani, kidogo sana, na nyayo zikawasha. Alipomaliza kona, mtetemo ukafifia. Akaliweka jambo hilo moyoni.

Gereji ya fundi Nurudin ilikuwa nyuma ya stendi ya Buzuruga, imezungukwa na ukuta wa matofali. Nurudin alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye maneno mengi, na sifa yake mjini ilikuwa masikio. Walisema anaweza kusimama mlangoni akaijua injini mbovu kabla gari halijaingia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Huyu mwalimu anasema gari linalia."

"Linalia? Mzee, nimelisikia tangu mmeacha lami! Nikadhani ni ndege anatua. Hiyo ni beringi ya gurudumu la mbele, imekwisha. Nipe ufunguo."

Akalizungusha nje kidogo. Pikipiki na wauza mahindi walikuwa wamejaa njia nzima, hakupata nafasi ya kukata kona hata moja ya maana. Akarudi kando ya ukuta, kioo cha dereva kikiwa wazi, kichwa amekitoa nje kama jogoo.

"Kulia," akatangaza. "Mbele kulia. Hapa kwangu kabisa."

Akaliinua upande huo kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Akakuna kidevu, akapiga simu fupi dukani.

"Halichezi, lakini hizi za siku hizi zinaweza kulia sana kabla hazijaanza kucheza. Mimi masikio yangu yanatosha. Nimeulizia dukani, ipo beringi moja tu ya gari hili mjini. Naifungua kulia sasa hivi, kesho jioni mnachukua."

"Na kama si kulia?" aliuliza Winnie.

"Mwalimu, beringi ya aina hii ukishaing'oa kwenye kitovu chake imekufa, hairudi. Nikikosea nitakuwa nimeua nzima, mbovu bado iko, na Jumamosi washenga wenu watavuka kwa mtumbwi." Akacheka. "Lakini sikosei."

Akachukua spana.

"Ni kushoto," alisema Mzee Machibya.

Spana ikasimama hewani. "Mzee wangu, umesikia kushoto?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angesema ndiyo, Nurudin angembishia, maana sikio la mzee haliwezi kushindana na sikio maarufu la Buzuruga. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sikusikia kitu," alisema. "Sikusikia leo, wala jana, wala juma zima. Masikio yangu yamechoka, Winnie. Lakini mikono yangu haijachoka. Nilipokata kulia, gari likaegemea kushoto, na usukani ukanitetemeka. Linalolemewa ndilo linalolalamika. Inua pande zote mbili."

Winnie akasogea karibu na baba yake. Nurudin, ambaye pamoja na maneno yake yote aliheshimu kazi, akaweka jeki ya pili.

Mzee Machibya akakunja mikono ya shati. Alipokuwa mvulana anachunga, baba yake alimfundisha kuweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe na kungoja. Ng'ombe hasemi, baba yake alisema, lakini hafichi. Basi akaingiza mkono juu ya tairi la kulia mpaka akaishika springi.

"Zungusha."

Nurudin akazungusha. Springi ilitulia kiganjani kama ubavu wa ng'ombe aliyeshiba.

"Huyu mzima. Twende kwa mwenzake."

Upande wa kushoto, mara gurudumu lilipoanza kuzunguka, mzee akatabasamu. Mchanga. Punje kwa punje, ukikwaruza ndani ya chuma na kupanda mpaka kwenye kiwiko.

"Njoo ushike mwenyewe, bwana masikio."

Nurudin akashika, Winnie akizungusha. Uso wa fundi ukabadilika, kwanza haya, kisha kicheko.

"Haki ya Mungu! Ni ule ukuta. Sauti imegonga ukuta ikanirudia kwenye kioo nilichofungua, na mimi nikaipokea kama mgeni. Mzee, ungeniacha ningeua beringi nzima mbele ya mwalimu!"

"Usijali," alisema mzee. "Hata masikio mazuri huongopewa."

Kesho yake mchana walirudi kuona kazi. Nurudin alikuwa amelegeza nati kubwa ya katikati, ametoa kitovu chote cha gurudumu na kukipeleka kwenye presi, mashine ya kukandamiza chuma. Beringi kuukuu ilikuwa juu ya gunia, imepasuliwa. Mzee aliinama kwa hamu ya mshindi, kisha hamu ikamwisha. Grisi haikuwa nyeusi. Ilikuwa matope mekundu ya kutu, na ndani yake mchanga laini uliokuwa unang'aa.

"Mzee wangu," alisema Nurudin kwa sauti ya kwenye kesi, "hili gurudumu limekunywa maji. Tena mengi. Wapi?"

Winnie alimgeukia baba yake polepole.

Kila Jumamosi, kwa miaka mitatu, Mzee Machibya aliliteremsha gari mpaka ufukweni, akaliingiza magurudumu ya mbele ziwani, akaliosha huku akipiga mluzi. Hakuona tofauti kati ya kuosha gari na kunywesha ng'ombe. Na pale alipopazoea, ufuko uliinama upande mmoja.

"Mbele kushoto ndiko kwenye kina," alikiri.

"Likiwa bado la moto kutoka safari?" aliuliza Nurudin.

"Ng'ombe akitoka malishoni si ndipo hunywa?"

Nurudin akashika kichwa. "Chuma cha moto ukikizamisha kwenye maji ya baridi, kinavuta! Kinapitisha maji penye mpira wa kuzuia, na mchanga unafuata. Halafu jana ukanifundisha mimi kazi!"

"Nimekufundisha upande," alisema mzee. "Sababu umenifundisha wewe. Hatudaiani."

"Na sumu ya mafuta mnayotuachia ziwani?" Winnie akaingilia. "Watu wanachota maji pale, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Kuanzia leo, ndoo na kitambaa," alisema.

Walisimama kutazama beringi mpya ikiingia. Nurudin aliweka bomba nene kwenye pete ya nje tu. Ukisukuma pete ya ndani, alisema, umeiua kabla haijazaliwa. Presi ikashuka taratibu, chuma kikaingia kwenye chuma bila nyundo hata moja. Kisha nati kubwa ikakazwa kwa spana ya kupimia, mpaka ilipolia *ka!* na Nurudin akaipiga kofi la kirafiki.

Nje ya gereji, Winnie alishika ufunguo. Mzee Machibya hakunyoosha mkono. Alijua yaliyo haki, na mtu aliyejifunza kusoma ukubwani kwa taa ya kibatari hawezi kujidai hajui anapojua.

"Jumatatu nitakwenda kupimwa masikio," alisema. "Na kesho nikae nyuma ukitaka."

Binti alitazama ufunguo, akatazama gurudumu.

"Dereva niliyemtafuta," alisema, "hawezi kujua kushoto na kulia kwa viganja. Jumatatu tunakwenda wote hospitali. Kesho utaendesha, lakini mimi nakaa mbele. Nikisema honi, ni honi. Usiniambie ni mtandao."

"Sawa, mwalimu."

Jumamosi, saa moja na nusu, washenga watatu waliketi nyuma wamevaa makoti yao ya posa, wakisinzia kwa raha. Walipokwisha kuvuka ziwa, barabara ya kutoka Kamanga ilifunguka mbele yao, na mzee akaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka kwenye mwendo ule ambao juzi ilianza ile mashine ya kusaga. Akakata kona ya kulia. Viganja vikatulia.

"Baba," alisema Winnie kwa sauti kubwa, "unasikia?"

"Sisikii kitu."

Winnie akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Hata mimi," alisema.