Vigae Vinavyopumua

Mafundi wenzake walimwita Rula, maana mstari wake wa vigae ulinyooka hata pale ukuta wenyewe ulipopinda. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa mpaka rangi mmoja mwenye mdomo usiotulia. Wakiingia wote kwenye nyumba, mwenye nyumba alipata kazi safi na vichekesho vya bure.

Jumapili moja mchana, kwenye roshani ya chumba chake cha ghorofani, mpaka rangi alitoa vikaratasi viwili vidogo kuliko stempu. Vilikuwa vimeloweshwa LSD, dawa ya kulevya inayomletea mtu maono.

"Hii si bangi wala unga," alisema. "Unaweka ulimini tu, rangi zinaanza kuongea. Mimi nazipaka kila siku, sijawahi kuzisikia."

Kila mmoja akaweka chake ulimini. Mwanzoni hakikutokea kitu, na Rula akamcheka mwenzake kwamba kauziwa karatasi tupu. Kisha sakafu ikavuta pumzi. Honi za barabarani zikawa za njano. Mpaka rangi alipanda ukingo wa roshani, akatabasamu, akapiga hatua hewani kama mtu anayeshuka barazani.

Rula alimwona akipaa. Kwa macho yake mawili alimwona akipanda juu polepole, shati limejaa upepo. Akampigia makofi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, huku mayowe yakipanda kutoka chini.

Walimzika. Polisi walimhoji Rula, wakamwachia. Dawa ilimwisha mwilini, lakini macho hayakurudi yalivyokuwa. Siku moja alikuwa amepiga magoti kwenye bafu la mteja, na vigae alivyoviweka mwenyewe vikaanza kupanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala. Akavibandua, akavipanga upya. Vikapumua tena. Mteja akamuuliza kulikoni, akasingizia saruji mbovu.

Nyumbani, katika chumba cha uani, aliishi shangazi yake. Ndugu walisema akili zake zimeruka tangu ujana wake. Hakutaka pazia la maua wala mkeka wa mistari. Kuta zake zilikuwa nyeupe, tupu. Jioni moja alimkuta Rula amefumba macho, anapapasa sakafu kwa kiganja.

"Na kwako sakafu imeanza kupumua?" aliuliza.

Rula alishtuka. "Shangazi, nani kakwambia?"

"Hakuna. Hata mimi huishika hivyo hivyo."

Akaketi, akamsimulia. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, yeye alinyamaza, hakutoa hata neno. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari mmoja akamdondoshea matone kwenye glasi ya maji, akisema ni dawa mpya kutoka maabara za ng'ambo, inafungua watu waliojifunga. Siku hizo haikuwa haramu.

"Hukuulizwa kwanza?"

"Aulizwe nani, baba? Nilikunywa. Nikamwona mwanangu ukutani, mzima, ananiita. Wakaandika kwamba nimepata nafuu kwa sababu nilipiga kelele." Alicheka kidogo. "Baadaye dawa ikapigwa marufuku, daktari akaenda zake. Mimi hakuna aliyenipiga marufuku. Nimebaki naona."

Kesho yake shangazi alimshika Rula mkono mpaka zahanati. Daktari aliwasikiliza wote wawili. Alisema dawa yao ilikuwa moja, na hali hiyo huwatokea baadhi ya watu hata baada ya mara moja tu. Huenda ikapungua, huenda isipungue. Rula alale vya kutosha, aache bangi na pombe, na karatasi ile asiiguse tena maishani.

Kabla mwezi haujaandama, mama wa yule mpaka rangi alikuja. Alikuwa amepata vigae vyeupe.

"Nataka wewe umjengee mwanangu kaburi," alisema. "Nani mwingine alimpenda?"

Rula hakuweza kukataa. Alikwenda makaburini na shangazi, ambaye alishika ncha ya uzi wa kunyooshea mstari bila kuombwa. Kigae cha kwanza kilitulia. Alipofika usawa wa kifua, kaburi zima likaanza kupanda na kushuka, taratibu, kama kuna anayelala humo na karibu ataamka. Mwiko wa saruji ukamponyoka.

"Shangazi, anapumua."

"Najua. Fumba macho. Amini mkono."

Akafumba. Akaweka kigae baada ya kigae kwa kupapasa, jasho likimtiririka, na gizani nyuma ya kope zake yule mpaka rangi alikuwa bado anapaa, shati limejaa upepo, na mtu fulani anampigia makofi. Hakufumbua mpaka kona ya mwisho.

Mama wa marehemu aliweka pima maji juu ya kaburi, akaitazama. "Imekaa sawa," alisema, akaanza kulia.

Rula alimwitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kutazama chini. Shangazi alimfuta saruji vidoleni kwa ncha ya khanga yake, wakaondoka polepole, yeye akimwongoza kwa kiwiko, kwa sababu njia nayo ilikuwa imeanza kupumua.